Lugha ya Kutafuta Kazi: Msaada kwa Wanafunzi wa Elimu ya Watu Wazima

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi mwalimu wa elimu ya watu wazima awezavyo kumsaidia mwanafunzi wake kupanga njia ya kazi, na kisha kuitafuta kazi yenyewe. Jambo hili kwa kawaida huhesabiwa kuwa la walimu na la maofisa wa kazi, na huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza, “Latuhusu nini sisi?” Latuhusu sana. Katika kila hatua ya safari hii, tangu mwanafunzi kueleza ajua kufanya nini hata kutia sahihi mkataba, kizuizi mara nyingi si ukosefu wa ujuzi, bali ni ukosefu wa maneno ya kuutaja ujuzi huo. Mfano wetu utakuwa Tanzania Bara, kwa kuwa huko elimu ya watu wazima imefundishwa kwa Kiswahili kwa upana na kwa muda mrefu.

Msingi uliokwisha kuwekwa

Mwaka 1968 ulianzishwa Mwanza, kwa msaada wa UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa. Vitabu vya mradi ule havikuanza kwa silabi tupu zisizo na maana. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu kilichozungumza habari za pamba. Wengine walisoma habari za migomba, za uvuvi, za mifugo na za mambo ya nyumbani. Maarifa ya kazi yalitangulia, na herufi zikafuata nyuma yake. Ulikuja Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, 1970, na baada yake mafunzo ya redioni kama yale ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973. Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano wa Sweden, na vikaenea hata vikawa zaidi ya 50. Ilipofika mwaka 1986, hesabu rasmi zilionyesha ya kuwa watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamepungua hata kufikia kiasi cha mmoja katika kila kumi.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa, lakini lengo lake halikuwa ajira. Maandishi ya Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, yaliyotoka mwaka 1967, yalitaka elimu imwandae mtu kuishi na kufanya kazi kijijini. Mkulima aliyejifunza kusoma alitarajiwa kuwa mkulima bora. Hakutarajiwa kuandika barua ya kuomba kazi mjini.

Mwanafunzi wa siku hizi ana shabaha nyingine. Yeye ni kijana aliyeacha shule kwa kukosa ada. Ni mama aliyekatizwa masomo kwa ajili ya mimba, kabla ya serikali kuruhusu, mwezi Novemba 2021, wasichana wa namna hiyo warudi katika shule za kawaida. Ni mlinzi, ni mwendesha bodaboda, ni mfanyakazi wa nyumbani. Huja darasani jioni, hujitayarisha kwa Mtihani wa Maarifa, na baadaye kwa mtihani wa kidato cha nne. Ukimwuliza sababu ya kusoma, aghalabu atakujibu kwa neno moja: kazi. Nasi twamfundisha hesabu, historia na jiografia, lakini mara chache twamfundisha jinsi ya kuifikia hiyo kazi aliyoijia.

Kazi, ajira, kibarua na ufundi

Kabla ya kumshauri mtu juu ya kazi, yafaa mwalimu na mwanafunzi wapatane juu ya maana ya neno lenyewe. “Kazi” ni neno pana: kulima ni kazi, kulea ni kazi, kuchota maji ni kazi. “Ajira” limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu ya “ujira”. Maana yake ni kazi ambayo mtu mwingine humlipa mfanyaji. Walakini katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili yamechanganyika, hata mtu hutamka, “Sina kazi,” akiwa na maana ya “Sina ajira.” Mchanganyiko huu si kosa dogo la lugha. Humfanya mtu ajione kama kwamba miaka yake kumi ya kufanya kazi haikuwapo.

“Kibarua” ni neno lenye historia. Ni udogo wa “barua”, na wenye kamusi hueleza ya kuwa lilitokana na karatasi ndogo aliyopewa mfanyakazi wa siku, ambayo alipaswa kuirudisha apate kulipwa. Jina la karatasi likawa jina la mtu. Hata leo kibarua ni mtu anayejulikana kwa siku yake ya kazi, si kwa ujuzi wake. Na ikiisha siku, hana kitu mkononi cha kuonyesha kwamba alikuwapo. “Ufundi” kwa upande mwingine ni wa ukoo wa “funda”, “fundisha”, “funza”, “mafunzo” na “mwanafunzi”. Kwa asili ya lugha yetu fundi na mwanafunzi ni watu wa shina moja. Maneno haya mawili yaweza kutuonyesha tofauti yote tunayoitafuta: kumsaidia mwanafunzi katika njia ya kazi ni kumtoa katika hali ya kuhesabiwa kwa siku, na kumwingiza katika hali ya kuhesabiwa kwa ujuzi.

Neno “tu”

Mtoto huulizwa, “Ukiwa mkubwa utakuwa nani?” Swali hili halimfai mtu mzima, kwa kuwa yeye amekwisha kuwa mkubwa, na amekwisha kufanya mengi. Swali limfaalo ni, “Umefanya nini mpaka sasa?” Lakini mwalimu akiliuliza, ajitayarishe kwa majibu ya namna hii: “Napika tu.” “Nauza tu vitumbua.” “Nilikuwa nasaidia tu mafundi.” “Niko tu nyumbani.”

Neno “tu” ni dogo, nalo hufanya kazi kubwa ya kufuta. Pengine ni adabu, maana mtu muungwana hajisifu; pengine ni kukata tamaa. Vyovyote iwavyo, mwalimu asimkemee mwanafunzi kwa kulitumia. Na aliondoe kwa kuuliza maswali madogo madogo, moja baada ya moja, mpaka kazi iliyofichwa nyuma yake ionekane.

Tuchukue mfano. Tuseme mwanafunzi ni mama lishe, umri wake miaka 34, naye asema, “Napika tu.” Mwalimu na amwulize: Waamka saa ngapi? Wapika sahani ngapi kwa siku? Wajuaje kiasi cha mchele cha kununua? Wanunua wapi, na wapatanaje bei? Wateja wakila kwa mkopo, waandika wapi? Bei ya mafuta ikipanda, wafanya nini? Ni nani akusaidiaye, na nani aliyemfundisha? Maji ya kunawa wayaweka wapi? Katika majibu yake yatatokea mambo haya: kukadiria mahitaji ya kila siku, kununua na kutunza bidhaa, kupanga bei, kutunza daftari la wadeni, kusimamia msaidizi na kumfundisha, kulinda usafi wa chakula, na kuhudumia wateja wengi kwa wakati mmoja. Haya ndiyo mambo yatakiwayo na mwenye hoteli, na mkuu wa jiko la shule, na mwenye duka. Mama huyu hakudanganya wala hakujikweza. Ameyataja kwa majina yake mambo ayafanyayo.

Vivyo hivyo kwa kijana wa ujenzi ambaye mtaani huitwa “saidia fundi”. Jina hilo humwonyesha kama mkono wa mtu mwingine. Lakini ukimwuliza, utakuta ajua kipimo cha saruji na mchanga kwa kila namna ya zege, ajua kuitumia timazi na pimamaji, na pengine amepandisha ukuta mwenyewe fundi alipokuwa hayupo. Kijana huyu kwa hakika ni mwanagenzi. Hakuna aliyempa jina hilo.

Hapa sarufi nayo yatusaidia. Yafaa mwanafunzi azoezwe kutumia vitenzi vya kutenda, wala si vya kutendwa: badala ya “nilipewa duka” aandike “nilisimamia duka”; badala ya “nilikuwa natumwa sokoni” aandike “nilinunua bidhaa sokoni”. Tena achague wakati kwa uangalifu. “Nilifanya uashi miaka 6” husema kwamba kazi imekwisha; “nimefanya uashi miaka 6” huacha shaka kama angali akiifanya. Msomaji wa barua hana nafasi ya kuuliza. Basi na aandike waziwazi: “Nilianza uashi mwaka 2016, na naendelea nao hadi leo.”

Kuchagua njia

Orodha hiyo ikiisha kuandikwa, ndipo lije swali la kuchagua. Kwa mtu mzima njia ni nyingi, lakini kwa jumla zaweza kugawanywa katika tatu. Ya kwanza ni kutafuta ajira kwa ujuzi alio nao. Ya pili ni kuiinua kazi aliyo nayo: kuongeza mtaji, kuandikisha biashara, kujiunga na chama cha akiba na mikopo. Ya tatu ni kupata cheti kwanza. Katika njia hii ya tatu wengi hawajui ya kuwa cheti cha ufundi hakipatikani kwa kukaa darasani peke yake. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi waliojifunza kazini, na yule anayestahili hupewa cheti. Utaratibu huo huitwa urasimishaji wa ujuzi, na ni jina zuri, maana ujuzi wenyewe ulikuwapo. Kilichokosekana ni urasmi wake.

Mwalimu asimchagulie mwanafunzi. Wajibu wake ni kumwekea mbele mambo ya kupima: kozi yachukua muda gani, yagharimu nini pamoja na nauli, nani atakayelea watoto, msimu wa kulima uangukia wapi, na nyumba italaje wakati wa masomo. Kijana asiye na familia aweza kungoja mwaka mzima. Mama wa watoto watatu pengine hawezi kungoja mwezi. Mpango mzuri ni ule ambao mwenyewe aweza kuutimiza, wala si ule unaopendeza ubaoni. Wazee wasema mchagua jembe si mkulima. Lakini hawakusema ya kwamba mkulima asijue shamba lake liko wapi.

Kuomba na kuomba

Sasa tuje kwenye barua. Kiswahili kina kitenzi kimoja, “omba”, kwa mambo kadha wa kadha: twaomba radhi, twaomba Mungu, maskini huomba barabarani, na mtafuta kazi huomba kazi. Si ajabu basi kwamba barua za wanafunzi wetu hufanana na sala za mnyonge: “Naomba kwa unyenyekevu unisaidie kazi yoyote ile, nina shida, mimi ni yatima na nina watoto wanaonitegemea.” Maneno haya ni ya kweli, nayo yaumiza moyo. Lakini mwajiri akiisha kuyasoma hajui bado mtu huyu aweza kufanya nini. Na “kazi yoyote”, ambayo mwandishi aliiona kuwa ni unyenyekevu, kwa msomaji huwa ni mlango usio na kitasa.

Haifai kumfundisha mwanafunzi aandike kwa ukavu. Heshima ni sehemu ya barua ya Kiswahili, na anayeiondoa ataonekana hana adabu. Afunzwe tu kwamba katika barua ya kazi kuna kuomba na kuna kutoa. Salamu na heshima zibaki. Katikati iwekwe kazi aitakayo kwa jina lake, mambo matatu au manne ajuayo kuyafanya, mahali na miaka alipoyafanya. Mwisho, siku awezayo kuanza. Ukurasa mmoja watosha.

Maneno mengine mawili huwapotosha wanafunzi. La kwanza ni “uzoefu”. Tangazo lisemapo “uzoefu wa miaka 3”, wengi hudhani ya kuwa ni lazima mtu awe aliajiriwa ofisini miaka hiyo yote, wakaacha kuomba. Lakini neno latokana na “zoea”, na aliyeshona nguo barazani kwake miaka kumi ameizoea kazi hiyo kuliko wengi. Basi na ajaribu, na aeleze. La pili ni “mdhamini”. Mahakamani mdhamini ni yule ambaye hushikwa mshitakiwa akitoroka. Benki ni yule ambaye hulipa mkopaji akishindwa. Mwanafunzi akimwendea jirani na kumwambia, “Naomba uwe mdhamini wangu,” jirani ana haki ya kuogopa. Kinachotakiwa katika barua ya kazi ni mtu wa kuulizwa habari za mwombaji, basi. Mwalimu akilieleza hivyo, na mwanafunzi akamweleza jirani hivyo, jina litapatikana. Mteja wa siku nyingi, kiongozi wa mtaa, au fundi aliyemfunza kazi, kila mmoja wao hufaa.

Tena kuna lugha ya tangazo. Matangazo mengi, hata ya kazi zifanywazo kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, hutolewa kwa Kiingereza. Mlinzi atakayesema na wageni kwa Kiswahili, na kupokea amri kwa Kiswahili, yampasa kwanza alifumbue tangazo la lugha nyingine. Mwalimu aweza kukusanya matangazo ya namna hiyo na kuyasoma pamoja na darasa. Na wakati huohuo afundishe dalili za matangazo ya uongo. Iliyo kubwa ni kudaiwa fedha kabla ya kazi: za fomu, za sare, au za usaili. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, wakataza katika ibara yake ya 7 mawakala wa kazi kuwatoza watafuta kazi, isipokuwa kwa ruhusa maalum. Adaiye fedha ili akupe riziki, mara nyingi riziki anayoitafuta ni yake.

Mkataba na hati

Kazi ikipatikana, msaada wa mwalimu haujaisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, yamtaka mwajiri ampe mwajiriwa kwa maandishi mambo makuu ya kazi yake: ni kazi gani, yaanza lini, ni ya muda gani, saa za kazi, na malipo. Na kifungu hicho chaongeza jambo ambalo watu wa lugha watalipenda: kama mwajiriwa hayaelewi maandishi hayo, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha ameelezwa kwa namna aielewayo. Kwa hiyo mtu anayeambiwa, “Tia sahihi hapa,” chini ya karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, ana haki ya kusema, “Naomba nielezwe kwanza.” Sentensi hiyo fupi yastahili kufundishwa darasani na kutamkwa mara nyingi, mpaka ulimi uizoee, kwa maana siku yake ikifika mtu huwa na hofu.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 44, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi kazi inapokwisha. Wengi huondoka bila kuidai, na hivyo miaka yao ya kazi hupotea. Tulisema juu ya kibarua na karatasi yake ndogo, ambayo alipaswa kuirudisha ili alipwe. Hati ya utumishi ni karatasi ambayo mfanyakazi hairudishi, huenda nayo.

Wajibu wa watu wa lugha

Yako mambo ambayo mwalimu wa jioni, mwenye darasa la watu arobaini na taa moja, hawezi kuyafanya peke yake. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Yafaa lugha ya ajira nayo ipate bidii ya namna hiyo. Kwanza, yatakiwa orodha za maneno ya ujuzi, yaliyokusanywa kwa mafundi wenyewe, wala si kwa kufasiri vitabu: mshonaji huitaje kila hatua ya kazi yake, na mpishi je, na mlezi wa wagonjwa nyumbani? Pili, yatakiwa mifano mizuri ya barua na ya wasifu wa kazi kwa mtu ambaye hakuajiriwa kamwe lakini hakukaa bure kamwe. Tatu, yatakiwa mkataba wa kazi wa mfano, kwa Kiswahili chepesi, ambao mlinzi aweza kuusoma mwenyewe mpaka mwisho.

Wale wa Mwanza mwaka 1968 walianza na pamba kwa sababu pamba ndiyo aliyoijua mkulima. Nasi tukitaka kumsaidia mwanafunzi wa leo, hatuna budi kuanza na sufuria lake, na cherehani yake, na mwiko wake wa uashi, na kumtafutia maneno ya kuvitaja. Atakapoweza kusema, “Napika sahani 80 kwa siku, na daftari langu la hesabu ni hili,” bila kuongeza “tu”, atakuwa amekwisha kuianza safari, hata kama kazi yenyewe bado iko mbele.